Shimo Lisilofunikwa

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni. Masomo: Kutoka 21:33-34; Kumbukumbu la Torati 22:8; Luka 14:5.

Nawasalimu ninyi mnaokama ng'ombe saa hii huku redio imetundikwa kwenye msumari, nanyi madereva mlio njiani kati ya Salgaa na Mau Summit, nanyi wagonjwa mlio vitandani. Bwana awe nanyi.

Somo letu la kwanza liko katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 21, mstari wa 33 na wa 34. Mtalisoma wenyewe baadaye. Mimi nitalieleza kwa maneno yangu. Mtu amechimba shimo, au amefunua shimo la zamani, kisha akaenda zake bila kulifunika. Ng'ombe wa jirani amepita, ametumbukia, amekufa. Torati inasema mwenye shimo ana deni. Atamlipa jirani thamani ya ng'ombe wake, na mzoga atabaki nao yeye.

Angalieni, ndugu zangu, mambo ambayo Musa haulizi. Haulizi kama ng'ombe alikuwa mjinga. Haulizi kwa nini hakutazama alipokuwa akikanyaga, wala kama majani ya upande ule yalikuwa matamu kuliko ya zizini. Anauliza jambo moja tu: ni nani aliyeliacha wazi? Kisha angalieni fedha zinakwenda kwa nani. Haziendi kwa mfalme, wala kwa kuhani. Zinakwenda kwa yule ambaye zizi lake limepungua. Shikeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Shimo ninalotaka kulizungumzia leo ni kasino za mtandaoni, hasa zile zinazoendeshwa kinyume cha sheria ya nchi. Huenda mtu ananiuliza, "Mhubiri, hayo yatuhusu nini sisi watu wa viazi na pareto?" Yatuhusu sana. Zamani kasino ilikuwa Nairobi au Mombasa, katika hoteli za wageni, na mtu wa Sachangwan aliyetaka kuingia alihitaji kwanza nauli, halafu viatu vilivyopigwa rangi, na hata hivyo mlinzi angemtazama mara mbili. Safari ile peke yake ilikuwa ulinzi. Leo mlango wa kasino uko mfukoni. Kijana analala chini ya blanketi lake, saa nane ya usiku, na kasino iko pamoja naye kitandani.

Kwa ajili ya wazee ambao hawajauona mchezo huo, nitaueleza. Kwenye kioo cha simu kunaonekana ndege ndogo ikiruka. Kadiri inavyopanda, ndivyo fedha uliyoweka inavyohesabiwa kuongezeka, mara moja na nusu, mara mbili, mara tatu. Unatakiwa ubonyeze kutoa fedha kabla ndege haijatoweka. Ikitoweka wewe hujabonyeza, umepoteza zote. Mchezo mmoja huisha katika sekunde chache, na mwingine huanza papo hapo.

Wanaoutengeneza mchezo wa namna hii hutangaza wenyewe kwamba katika kila shilingi 100 zinazochezwa, kwa wastani 97 hurudi kwa wachezaji na 3 hubaki kwa mwenye nyumba. Kijana husikia 97 akafurahi. Lakini hebu tufanye hesabu, kama tulivyofundishwa shuleni. Chukua shilingi 1,000 uziweke zote, na kila kinachorudi ukiweke tena chote. Baada ya michezo 20, kwa wastani zimebaki 544. Baada ya michezo 50, zimebaki 218. Baada ya michezo 100, hazifiki 50. Na michezo 100 haimalizi usiku. Mmoja atashinda, ndiyo, na habari zake zitafika kijiji kizima kabla ya jua kuchwa. Wale waliompa ushindi huo hawatangazwi na mtu yeyote.

Na hesabu hiyo ni ya kasino inayosema kweli. Ile isiyo na leseni, nani ameipima mizani yake?

Sasa tuje kwenye sheria. Nchi yetu ya Kenya ilitunga sheria ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966, ikaweka Bodi ya kutoa leseni. Waliotunga sheria ile walikuwa wakifikiria meza, karata, mashine na tikiti za karatasi. Hawangeweza kuota kwamba mwaka 2007 itakuja M-Pesa, na kwamba fedha ya mtu itakuwa ikisafiri hewani. Kwa hiyo kwa miaka mingi polisi walikuwa wakikimbiza kile kinachoshikika. Mtakumbuka mashine zile zilizoingia mpaka vijijini, zikimeza sarafu za shilingi 20 za watoto wa shule. Mwaka 2018 nyingi zilikamatwa, na nyingine zikachomwa moto hadharani. Moshi ulionekana na watu wakapiga makofi. Lakini huwezi kuchoma moto kasino iliyo hewani.

Julai 2019 serikali ilijaribu njia nyingine. Ilikataa kuzipa leseni mpya kampuni 27 za kubeti, nyingi kwa sababu ya mzozo wa kodi, na Bodi ikaiandikia Safaricom izifunge namba za M-Pesa ambazo kampuni hizo zilikuwa zikipokelea fedha. Baadhi ya wageni waliokuwa wakiendesha biashara hiyo walirudishwa makwao. Mimi naona kwamba hapo ndipo sheria ilipogusa mshipa wenyewe. Ukimpiga faini mtu mwenye mamilioni, atalipa kama anavyolipa maegesho ya gari. Ukifunga mlango ambao fedha hupitia, hata aliye mbali atasikia.

Kisha Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, ikachukua mahali pa ile ya 1966. Sheria hiyo inataja waziwazi kamari ya mtandaoni, inaweka Mamlaka mpya badala ya Bodi ya zamani, na inawakataza walio chini ya miaka 18. Kuendesha kamari bila leseni ni kosa la jinai, na mkosaji hukabiliwa na faini au kifungo. Wanasheria watawaeleza viwango. Mimi si wakili, wala ibada hii si mahakama.

Ila nauliza, kama Musa alivyouliza: fedha hizo zinakwenda kwa nani? Faini huingia katika hazina ya serikali. Ni haki, maana sheria ya nchi imevunjwa. Mahakama zetu pia zina uwezo wa kuamuru mkosaji amlipe fidia mtu aliyemdhuru. Lakini ili hakimu aamuru hivyo, lazima kwanza mkosaji asimame mbele yake. Na tajiri wa kasino ya mtandaoni yuko wapi? Tuseme kampuni imeandikishwa katika kisiwa cha Curaçao, kule katika bahari ya Karibi, ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikitoa leseni za kamari za mtandaoni. Mashine zake ziko nchi nyingine, na wenyewe wanaishi nchi ya tatu. Mama wa hapa Sachangwan ambaye fedha za mbolea zimeyeyuka atamshtaki nani katika mahakama ya Molo?

Hii ndiyo kazi ya leseni, na watu wengi hawaielewi. Wanadhani leseni ni karatasi ya kumpa mwenye kasino heshima. Sivyo. Leseni ni kamba iliyofungwa mguuni mwake ili akikosa avutwe. Kwayo jina lake linajulikana, ofisi yake inajulikana, na serikali inaweza kumwuliza kama anaweka akiba ya kuwalipa washindi. Asiye na leseni hana kamba. Akikataa kukulipa, umekwisha.

Kwamba jambo hili linawezekana, Marekani walilionyesha. Mwaka 2006 walitunga sheria ya kuwakataza wenye kamari haramu za mtandaoni kupokea malipo. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa New York wakawashtaki wakuu wa kampuni tatu kubwa za mchezo wa karata uitwao poka, zote zenye makao nje ya nchi hiyo. Mojawapo, Full Tilt, ilionekana haikuwa imezitunza fedha za wachezaji wake; watu walikuwa wakiona hesabu nzuri kwenye kioo, na nyuma ya kioo sanduku lilikuwa na upungufu mkubwa. Julai 2012 kampuni nyingine, PokerStars, ilikubali kutoa dola milioni 731. Kati ya hizo, milioni 547 zilikuwa za serikali ya Marekani, na milioni 184 za kuwarudishia wachezaji wa Full Tilt waliokuwa nje ya Marekani. Wale wa Marekani nao walianza kurudishiwa fedha zao mwaka 2014. Nimeyasimulia haya si kwa sababu Marekani ni Yerusalemu. Nimeyasimulia kwa sababu hapo mwenye ng'ombe alikumbukwa. Wengine walingoja miaka mitatu, lakini walikumbukwa.

Sisi wa Afrika Mashariki bado hatujafika hapo. Kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri ninaposema juu ya mahali petu hapa.

Mtu akitaja Sachangwan popote Kenya, wasikilizaji hunyamaza kidogo. Jumamosi, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka hapa katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Watu walikuja na mitungi na ndoo kuchota. Moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wengine hawakuweza kutambuliwa, wakazikwa pamoja. Wako wasikilizaji asubuhi hii ambao waliwapoteza watoto wao siku ile, na sitaki neno langu liwaumize. Nimesikia wahubiri wa mbali wakiwatumia marehemu wale kuwa mfano wa tamaa. Mimi sitafanya hivyo. Walikuwa watu wa kawaida, wengine vijana kabisa, walioona kitu chenye thamani kikimwagika bure katika nchi ambayo hakuna kitu cha bure. Sheria ya kukataza kuchota mafuta ya mtu ilikuwepo. Adhabu yake ilikuwepo katika vitabu. Kilichokosekana kilikuwa kizuizi imara, mapema, kati ya watu na lile lori.

Ndiyo maana Torati haikutosheka na sheria ya kulipa. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mstari wa 8, imewekwa sheria nyingine: mtu akijenga nyumba mpya, ajenge ukingo kuzunguka dari, kusudi asianguke mtu kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Hii haingojei mtu aanguke. Huyo mwenye nyumba ana hatia tangu siku aliyopiga msumari wa mwisho bila kuweka ukingo. Serikali ilifanya kitu cha namna hiyo tarehe 29 Aprili 2025, Bodi iliposimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Siku 30 si nyingi. Lakini ukingo ni ukingo.

Nyumbani kwetu je? Baba, mama, laini ya simu anayotumia mwanao imeandikishwa kwa kitambulisho cha nani? Sheria inasema asiye na miaka 18 asicheze, na kampuni inatakiwa kuhakikisha. Lakini mtoto wa darasa la nane akishika simu ya mama yake, kampuni inaona mama mwenye miaka 42. Umri wako ndio uliomfungulia mlango. Vivyo hivyo wako vijana wanaoombwa kitambulisho na rafiki, "niandikishie laini tu, ni kwa siku mbili," kisha laini hiyo ikatumika kupokelea fedha za kasino isiyo na leseni. Siku polisi watakapofuata njia ya fedha, hawatamkuta yule tajiri wa Curaçao. Watamkuta mwenye kitambulisho. Na wewe mwenye duka uliyempangisha mtu chumba cha nyuma, akaweka kompyuta sita na pazia jeusi, usiseme hujui kinachofanyika mle. Ukiona giza mchana, uliza.

Kuhusu wale wanaopita sokoni na makanisani wakiwaandikisha vijana katika mchezo mpya, waulizeni namba ya leseni. Orodha ya waliopewa leseni hutolewa kwa watu wote. Mwenye leseni hataudhika kuulizwa. Akiudhika, jibu umepata, mpelekee chifu habari.

Lakini msinielewe vibaya mkadhani leseni ni baraka. Leseni inasema tu kwamba shimo hili lina mwenyewe anayejulikana. Haisemi kwamba si shimo. Serikali nayo ina sahani yake katika meza hii. Mwaka 2019 ilitoza asilimia 20 ya kila fedha iliyowekwa kubeti, mwaka 2020 ikaiondoa kodi hiyo, 2021 ikairudisha kwa asilimia 7.5, ikaipandisha mpaka 12.5 mwaka 2023 na 15 mwishoni mwa 2024, na Julai 2025 ikaishusha kuwa asilimia 5 ya fedha inayowekwa. Sisemi serikali ni mbaya. Nasema kwamba mlinzi anayelipwa kwa hesabu ya wanaotumbukia ana majaribu makubwa, naye anahitaji maombi yetu.

Na kwa kuwa tunasema kweli, tuseme yote. Ziko kamati za ujenzi zinazouza tikiti za bahati nasibu, zawadi ya kwanza mbuzi, ya pili blanketi, ili kanisa lipate mabati. Bahati nasibu ya watu wote nayo huhitaji kibali cha sheria. Ni kamati ngapi zimewahi kukiomba? Hatuwezi kuipigia kelele kasino ya ng'ambo huku kitabu cha tikiti kiko katika kabati la vitabu vya nyimbo.

Sasa nageukia wewe uliyetumbukia. Huenda unasikiliza peke yako. Umecheza fedha za karo, au za chama cha akina mama, au za maziwa ambazo hazikuwa zako peke yako. Umecheza na kampuni ambayo hata hujui iko wapi, nawe umenyamaza kwa sababu mbili: unaona aibu, na unaogopa kwamba ukisema, sheria itakushika wewe. Nakuambia, wenye kasino haramu wanaitegemea hofu hiyo kuliko wanavyoitegemea mitambo yao. Mtu mmoja akisema, namba moja ya kulipia inaweza kufungwa. Zihifadhi zile jumbe za M-Pesa, usizifute kwa aibu. Zina tarehe, zina kiasi, zina jina la aliyepokea. Ndizo nyayo za mwizi. Zipeleke kwa polisi au kwa Mamlaka yenyewe, ukiwa na mtu mzima unayemwamini. Wala usimwendee mkopeshaji wa simu ili ukomboe fedha zilizopotea. Hiyo ni kuchimba shimo la pili ndani ya lile la kwanza.

Nanyi wazee wa kanisa. Katika Luka 14, mstari wa 5, Bwana Yesu aliwauliza wakubwa wa dini, ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa mara moja? Hawakuwa na la kujibu. Mimi nauliza, kijana akija kwenu na kusema, "Nimepoteza elfu 40 za chama," mtafanya nini kwanza? Makanisa mengi humwondoa katika kwaya kwanza, kisha humtangaza, kisha humwombea. Nadhani utaratibu huo umesimama juu ya kichwa. Kwanza simu yake ishikwe na mkewe au na mzazi kwa muda. Pili, wadai wake waitwe, deni liandikwe, na lipangwe kulipwa kidogo kidogo kwa mazao ya msimu ujao, huku mzee mmoja akiwa shahidi. Tatu, apewe kazi ya jioni, maana jioni ndiyo saa ya ndege ile. Habari za kwaya zinaweza kungoja.

Juma hili, wazee wa kila mtaa wakutane jioni moja, hata kama ni watatu tu, watenge saa mbili za kuwapokea watu wa namna hii, bila karani na bila kitabu cha mahudhurio. Milango ifungwe, chai iwepo.

Tuombe. Ee Bwana, wakumbuke waliolala kando ya barabara yetu hapa Sachangwan, na wazazi wao. Wape mahakimu wetu ujasiri, na watunga sheria macho ya kuwaona walio mbali. Mpe nguvu yule anayesikiliza sasa akiwa na simu mkononi, amwamshe mtu mmoja nyumbani mwake na kumwambia. Kwa jina la Yesu. Amina.